Kabalagala ya kwanza ni ya mwenye kubeba ndizi

Kabalagala haitaki maji. Nimelisema jambo hili mpaka mudomo umechoka, na bado kila mwanamuke anayekuja kujifunza kwangu ananiuliza, mama, maji nitie kiasi gani? Usitie. Ukitia maji umepika kitu kingine, sijui ni nini, labda gundi. Unachukua ndizi zile ndogo tamu, zilizoiva hata ganda limekuwa jeusi na nzi wameanza kuzitafuta, unazimenya, unazikamua kwa mikono mpaka zitoe maji yao zenyewe. Halafu unga wa muhogo uliochungwa vizuri, konzi kwa konzi, mpaka donge liache mukono. Pilipili kidogo kama unapenda. Sukari hapana. Unasukuma kwa chupa, unakata kwa mudomo wa glasi, unatia ndani ya mafuta. Inatoka nyekundu iliyoungua kidogo, laini ndani, na ukiimega harufu ya ndizi inafika kwa jirani kabla hajakusalimu.

Goma ni muji wa mandazi. Kila kona kuna mwanamuke na sufuria yake, kila mutoto anaenda shule na andazi mukononi. Kabalagala ni ya watu wachache, watu wa upande wa mupaka na watu wa vilima, na wengine wanatucheka kwamba ni chakula ya watoto wasio na meno. Jina lenyewe lilivukia Bunagana, kutoka Uganda, pamoja na sabuni na chumvi. Mama yangu alizaliwa huko Bunagana. Alipoolewa kwenye vilima vya Masisi alikwenda na sufuria, na chupa ya kusukumia, na hilo jina, na huko kwenye vilima watu wakalipenda. Akifariki mutu, mama alikaanga. Mutoto akibatizwa, mama alikaanga. Watu walijua kwamba ukiona moshi wa mafuta kwake asubuhi, kuna jambo.

Alikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Kabalagala ya kwanza kutoka kwenye mafuta haiuzwi, na haipewi mutoto anayelia. Ni ya yule aliyebeba ndizi. Kule kwetu ndizi zilipandishwa kilima kwa mugongo, kamba kwenye paji la uso, na mama alisema mutu hawezi kubeba utamu kwa mugongo halafu wengine waanze kuuonja. Hata kama aliyebeba ni mutu usiyempenda. Mimi nikiwa mudogo nililia kila mara kuomba ile ya kwanza, naye aliniuliza neno moja tu, wewe ulibeba? Mwaka niliobeba mukungu wangu wa kwanza, mudogo kama paka, nilikula ya kwanza mbele ya ndugu zangu wote, polepole, ili waone vizuri.

Tena kabalagala ni chakula ya kukimbia. Inakaa siku nyingi bila kuoza. Vita ilipofika tena kilimani kwetu, mama alikaanga alfajiri, akafunga kwenye kikwembe, kitambaa chake cha kujifunga, akateremuka na wengine kwa njia ya Sake. Walifika Mugunga, wakapewa hema za plastiki juu ya yale mawe meusi ya volkano. Nilikuwa ninaenda kumuona kila nilipoweza. Kila nilipomuambia aje kwangu Katoyi, hapa Goma, ni karibu, alisema bado, bado. Halafu kambi ikabomolewa, watu wakaambiwa warudi makwao. Makwao wapi? Nyumba ya mama ilikuwa haina bati tena, shamba lililimwa na watu asiowajua. Nikaenda kumuchukua. Alikuja na fungu lake, sufuria yake na chupa yake, akaketi kwenye chumba cha watoto, akasema asante. Na hapo akaacha kula.

Lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi hawajui. Kwetu mama mukwe hali chakula cha nyumba ya mukwe wake. Hakai naye mukeka mumoja, hamuangalii usoni. Wakikutana njiani, mumoja anaingia kando. Si chuki, ni heshima, na inaisha siku wazee wa pande mbili wanapomuleta mama kwa sherehe, mbuzi anachinjwa, anafunguliwa kinywa mbele ya watu. Baada ya hapo anakula mpaka ashibe, na hakuna neno. Ya mama yangu ilipangwa, vita ikaja. Ikapangwa tena, vita ikarudi. Sasa wazee wenyewe wengine wamekufa, wengine ni wakimbizi Uganda, na mimi watoto wangu wamenipita urefu. Kinywa cha mama hakikufunguliwa na wazee, na nyumba niliyomuleta ni ya mukwe wake.

Siku za kwanza alikuwa na kabalagala za mwisho katika fungu lake. Alimega kipande, akanywa maji. Maji si chakula, maji ni ya Mungu. Nikimuletea sahani alisema, nimeshiba, mwanangu, uwape watoto. Fungu lilipoisha akaendelea kusema ameshiba. Nikamununulia mandazi barabarani, akaniuliza ni za nani. Nikasema ni zangu. Akaniuliza ninafanya kazi gani siku hizi. Kazi sina, kinachoingia nyumbani kinaletwa na bwana yangu, na yeye alijua. Nilimuita padri. Padri akamuambia haya ni mambo ya zamani, Mungu anataka tuishi. Mama akamuitikia vizuri sana, ndiyo padri, asante padri, akamusindikiza mpaka mulangoni, akarudi, akaendelea kutokula.

Nilikuwa ninamuona akiisha. Ukisikia mutu anasema hivyo unadhani ni maneno tu. Mimi nilikuwa ninamuosha mugongo, na mukono wangu ulijua. Usingizi ulinikimbia, na muchana nilipika kwa hasira, nikigonga vyombo. Unapika sombe, majani ya muhogo, nyumba nzima inanukia, na mama yako yuko nyuma ya ukuta wa mbao anameza mate kwa adabu. Hiyo ni kazi nzito kuliko kubeba maji.

Bwana yangu ni Munande wa Butembo. Alikuwa mufanyabiashara wa maharagi, njia ilipofungwa akauza mzani na magunia, akanunua moto, yaani pikipiki, na sasa anabeba watu mujini. Ni mutu muzuri mwenye sauti kubwa. Aliumia. Kwao pia kuna heshima ya ukwe, lakini kwao, aliniambia, mbuzi wa mahari wakishatolewa maneno yamekwisha, na yeye mbuzi alitoa. Akasema majirani watadhani anamunyima mama chakula. Akasema labda mama hakuwahi kumupenda. Nilimueleza, nikamueleza tena, akatikisa kichwa. Nikamuambia jambo moja: usijaribu kumulisha wewe. Uniachie mimi.

Hakuniachia. Siku moja muchana alirudi na sambaza, vile visamaki vya ziwani, akanisimamia mpaka nikazikaanga, akachukua sahani mwenyewe, bugali na sombe na samaki juu, akaingia kwenye chumba. Akaketi kwenye mukeka wa mama, kando yake, akafanya ishara ya musalaba, akakata tonge, akamunyooshea kwa mukono wake. Alidhani anajishusha. Alidhani mama ataona jinsi anavyomuheshimu, mwanaume kumulisha kama anavyomulisha mama yake mwenyewe. Ee Mungu wangu. Nilisimama mulangoni na kijiko mukononi.

Mama alijifunika kichwa chote na kikwembe. Akainuka polepole, akishika ukuta, akapita mbele yangu, akatoka. Bwana yangu alibaki pale na mukono wake umenyooka, tonge linatoa moshi. Nilidhani mama amekwenda chooni. Nilipochungulia baadaye kidogo niliona sufuria haipo, wala chupa.

Hakuna aliyehitaji kuniambia alikokwenda. Bwana yangu aliwasha moto bila kuulizwa, nikapanda nyuma, tukaenda Mugunga. Alinishusha mbali, akageuza moto, akaketi juu yake akiangalia upande wa Goma.

Mahali pa kambi palikuwa na mawe tu, vipande vya plastiki, na kiatu kimoja kimoja. Lakini watu walikuwa wamepanga mawe kuzunguka hema zao ili maji ya mvua yasiingie, na hizo mistari bado zilikuwa pale. Mama alikuwa ameketi ndani ya mistari yake. Alikuwa ameketi kama mutu aliye nyumbani, sufuria kushoto, chupa kulia. Nikaingia pale palipokuwa mulango, sijui kwa nini sikukanyaga tu mawe.

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Yakapotea yote. Nikamuambia kwa ukali kwamba kama amechoka kuishi, aseme, nijue, na je, anataka tumuzike na adabu yake?

"Hapa nilikuwa ninakula," alisema. "Kwenu ninaangalia tu."

Niliketi chini. Nililia, siwezi kuficha. Si kwa huzuni peke yake, nililia kwa uchovu, kama mutoto aliyekosa usingizi. Mama aliningojea nimalize. Halafu akasema heshima si utumwa, asidhani huyo bwana yako kwamba namuchukia, amenishika vizuri kuliko wana wangu wa kuzaa. Lakini siwezi kufungua kinywa changu mwenyewe kama mulango wa duka. Akanikumbusha wanavyosema watu: mugeni siku mbili, siku ya tatu umupe jembe. Mimi hamukunipa kitu.

Nikamuuliza, mama, jembe gani hapa Goma, utalima mawe?

"Basi unipe moto ya kupikia," alisema. "Moto ya kwangu, isiyotoka jikoni kwako."

Kumbe ni hilo tu. Siku zote hizo nahangaika, mutu alikuwa anataka moto.

Alirudi. Hatukumuweka ndani ya kiwanja, tulimuwekea nje ya ua, kwenye barabara, ambako ardhi si ya mutu. Mbabula ya makala, yaani jiko dogo la mkaa, alipata kwa mwanamuke wa kilima chake aliyeuza sokoni, na wengine wa huko wakamupa mukungu wa kwanza wa ndizi na unga, maana ndiyo desturi yao kwa mutu anayewasha moto mupya. Mukungu aliubeba mwenyewe. Nilitaka kumupokea, akakataa, akaubeba kutoka sokoni akipumzika kila ukuta. Kaa la kuwashia alikwenda kuomba kwa jirani ng'ambo ya barabara. Kwangu hakuchukua hata kijiti cha kibiriti.

Alikaanga. Ya kwanza ilipotoka akaiacha ipoe juu ya karatasi, akaangalia barabara kushoto na kulia kama vile kuna mutu mwingine aliyebeba, akaichukua, akala. Nilikuwa nimesimama nyuma ya ua nikimuangalia kati ya mbao. Alitafuna kwa muda murefu. Nilifurahi mpaka nikaona hasira, sijui kama unaelewa. Nikarudi ndani, nikalala muchana kweupe, na watoto wakala walichokikuta.

Basi tukaishi hivyo. Aliuza asubuhi, akajinunulia mboga, akajipikia kwenye mbabula yake, akala akiwa ameangalia ua. Kulala alilala ndani, kitanda si chakula. Watu wa Katoyi walimuzoea. Madereva wa moto walisimama kwake kabla ya kuanza kazi, watoto wa shule wakamuita mama ndizi, na watu wa vilima walikuja kutoka mbali, walimega, wakanusa, wakala, wakaondoka. Bwana yangu peke yake ndiye hakununua. Alitoka asubuhi akisukuma moto yake bila kuiwasha mpaka amupite, uso pembeni. Mama naye aligeukia ua. Hakuna aliyemutaja mwenzake kwa jina. Mama alimuita mwenye nyumba. Yeye alimuita mama yako.

Niliona ameanza kupata mashavu. Halafu vita ikarudi kule kwenye vilima, kwa sababu vita yetu haijui kwenda ikabaki huko. Wanawake wa ndizi hawakuteremuka. Sokoni kulibaki ndizi za kupika na zile za pombe, ambazo zina uchungu. Nikamuambia mama akaange mandazi za ngano kama wengine. Akasema hajui, na si kweli, anajua. Akajipikia unga uliobaki mpaka ukaisha. Siku moja alikunja kitambaa chake, akaweka mbabula chini ya ua, akaja kuketi kwenye chumba cha watoto. Nilimuuliza kama amekula. Akasema, nimeshiba, mwanangu.

Nilimuambia bwana yangu jioni, kwa sauti isiyo na nguvu, kwamba tumerudi pale pale. Asubuhi sikumukuta. Moto haikuwepo. Siku ikapita, na usiku wake, na simu yake haikuitika, na njia zetu unazijua, mutu anaondoka kwa mapenzi yake na anarudi kwa mapenzi ya wengine. Nilianza kusali bila maneno.

Alirudi kesho yake jua likiwa limeanza kulegea, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Nyuma ya moto alikuwa amefunga mikungu ya ndizi ndogo, nyeusi tayari, zingine zimepasuka na kuchuruzika kwenye bomba la moshi. Alikuwa ametoka Bunagana. Nilitaka kumupiga na kumukumbatia. Nikamuambia tu, kwa sauti ndogo, ukimupa hizo ataondoka tena, na safari hii sitamufuata, sina nguvu. Aliuliza kama mama anaweza kununua. Nikasema kununua si kula chakula ya mutu.

Akatoka nje ya ua. Akapanga mikungu chini kandokando ya barabara, pale penye alama nyeusi za mbabula, akaketi juu ya moto akigeuza mugongo. Nikamuita mama. Alitoka, akaona ndizi, akaona mugongo, akageukia ua.

"Mama watoto," bwana yangu aliniita kwa sauti ya sokoni, "umuulize huyo mama kama ananunua ndizi."

Mama akaniambia nimuulize muuzaji ni ndizi za wapi. Bwana yangu akaniambia nimujibu ni za Bunagana. Sikuona uso wa mama, niliona mikono ikishika ua. Halafu akaniambia nimuambie muuzaji ndizi zake zimepondeka. Akajibu hazikupondeka, zimeiva. Mama akasema mukungu ni mti mutupu, uzito wote ni wa mti. Akajibu uzito wote ni wa barabara. Mama akasema muuzaji gani huyu anayeuza jioni, anadhani watu hawajui kwamba jioni bei inashuka? Mimi nilikuwa katikati, nikigeuka huku na huku, nikiwapelekea maneno waliyokwisha kuyasikia wenyewe. Majirani walitoka kucheka. Waliminyana bei kama watu wanaopendana au wanaochukiana, sikujua ni ipi, na sauti ya mama ilipanda, sauti ya zamani, ya kule kilimani. Mwishoni alifungua pindo la kikwembe, pesa ya ndizi aliyokataa kuigusa hata kwa njaa, akanipa, nikapeleka. Bwana yangu akahesabu mbele ya watu wote, kama muuzaji wa kweli, akasema sawa. Akaingia ndani, akaketi kwenye kiti, akalala na viatu.

Unga niliomba kwa jirani kwa jina la mama, si langu. Kaa pia. Alimenya na kukamua pale pale, mikono imeingia mpaka kwenye vifundo, na alikuwa ananusa. Nilijua ananusa kwao, na sikumuuliza. Akasukuma kwa chupa, akakata, akatia kwenye mafuta. Ya kwanza ikatoka.

Aliiweka juu ya karatasi. Akaiangalia. Tangu nizaliwe sijamuona mama akiiangalia kabalagala kwa muda murefu hivyo, mafuta yalikuwa yanaungua na hakuyatazama.

"Nani alibeba?" aliuliza.

Alijua.

Akaichukua ikiwa bado ya moto, akaimega katikati. Nusu moja aliitia mukononi mwangu.

"Umupelekee mukwe wangu," alisema. Na ile nyingine akaitia kinywani.

Niliingia ndani nikiwa nimeishika kwa mikono miwili. Bwana yangu alikuwa ameamka kwa harufu. Akaangalia nilichokileta. Mutu yeyote wa Katoyi anajua kwamba kabalagala haiuzwi nusu. Akaniuliza nusu ya pili iko wapi. Nikamuambia anakula. Akafuta macho kwa kiganja, na vumbi la Bunagana likawa matope usoni mwake, kisha akatafuna, polepole, mpaka mwisho. Nilikuwa nimechoka hata furaha ilinikuta nimekaa.

Baadaye aliniambia, umuulize kama leo atakula sombe.

Nilitoka nje. Mama alikuwa anageuza zile nyingine, tayari wateja wawili wanangoja. Nilimuuliza kwa sikio. Alipepea makala kidogo, akapepea tena.

"Kidogo," alisema.